Ukurasa Usiotiwa Plastiki

Mkurugenzi wetu aliipenda mashine ya kulamineti kuliko alivyompenda mgonjwa yeyote wa wilaya nzima, na sisemi hivyo kwa chuki. Aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufumwa, kama watu wanavyofunika redio sebuleni. Kila asubuhi, akishaitikia shikamoo zetu, alikifunua kitambaa, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akaigusa mashine ubavuni kama anayepima homa. Ilikuwa ya baridi. Lushoto asubuhi kila kitu ni cha baridi.

Nimtendee haki kidogo. Karatasi haina maisha marefu huku juu. Ukungu unaingia ndani hata madirisha yakifungwa, unakaa kwenye viti, unalala ndani ya mafaili. Tangazo ulilobandika ukutani mwezi huu, mwezi ujao limejikunja kama jani la tumbaku na wino wake umevimba. Kutia karatasi plastiki lilikuwa wazo la busara. Lakini upuuzi mwingi nilioushuhudia maishani ulianza na wazo la busara, kisha akatokea mtu wa kulipenda kupita kiasi.

Shirika letu lilikuwa dogo: vyumba viwili nyuma ya maduka ya pembejeo, karibu na soko, na kibao cha mlangoni kilichokuwa kipana kuliko mlango wenyewe. Kazi yetu, kwa maandishi, ilikuwa kuwafundisha wauguzi na matabibu wa vituo vya milimani na mabondeni jinsi ya kutafuta machapisho ya utafiti wa kitabibu kwenye mtandao, kuyasoma, na kuyatumia. Mkurugenzi, daktari mstaafu mwenye sauti ya kuongozea harusi, ndiye aliyefundisha. Dada wa mapokezi alipika chai na kuandika majina. Mimi niliajiriwa kuandika kile walichokiita hadithi za mafanikio.

Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa mwandishi. Nilikuwa nimetoa riwaya moja, na kwa miaka miwili Dar es Salaam nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya waandishi vijana ambapo tulisomeana kazi zetu kwa zamu na kusifiana kwa zamu ileile. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Kila mmoja alikuwa anangoja zamu yake. Niliporudi nyumbani milimani nilikuja na ya pili kichwani, riwaya ya ukungu, na dharau ya kutosha kumgawia kila mtu niliyekutana naye. Mkurugenzi alipata fungu kubwa. Wanasemina nao hawakukosa.

Semina zilikwenda hivi. Wauguzi walifika tangu saa mbili, wale wa Mnazi na vijiji vingine vya chini wakitetemeka ndani ya sweta za kuazima, wale wa juu wakiwacheka. Ikaombwa dua ya Waislamu, ikaombwa sala ya Wakristo, kisha kila mtu akajitambulisha kwa jina, cheo, kituo, na kumshukuru Mungu kwa kufika salama. Hapo ilikuwa karibu saa nne. Chai. Baada ya chai Mkurugenzi aliwasha projekta, akaeleza kwamba swali zuri la utafiti lina sehemu nne: mgonjwa ni nani, unamfanyia nini, unalinganisha na nini, unatarajia nini. Hilo alilieleza vizuri, nakiri. Kisha akaandika mfano mmoja ubaoni, ule aliouandika katika kila semina: malaria, watoto, Tanzania. Na washiriki wote, popote walipotoka, wakainamia kompyuta na kuandika malaria, watoto, Tanzania, hata wale wa vijiji ambavyo mbu akifika anakodolewa macho kama mgeni.

Majibu yakaja kwa maelfu, ukumbi ukapiga makofi. Kila mshiriki akachagua chapisho moja, tukalichapa, mimi nikaliweka kwenye mashine, likatoka likiwa la moto na linang'aa. Likaenda kubandikwa kwenye ukuta wa zahanati fulani, kwa Kiingereza, lisomwe na inzi. Mkurugenzi alihesabu kurasa zenye plastiki, akaziandika kwenye ripoti chini ya kichwa kilichosema maarifa yaliyofika kwa jamii.

Kanuni yake ilikuwa ukurasa mmoja kwa kila mada. "Jicho la binadamu halipendi kurasa mbili," alisema. Kwa hiyo chapisho likiwa na kurasa mbili, wa kwanza ulitiwa plastiki na wa pili ulibaki kwangu. Sikulalamika. Upande wake wa nyuma ulikuwa mweupe, na riwaya yangu ilihitaji karatasi.

Muuguzi ninayetaka kumzungumzia alikuja kwenye semina ya mwezi wa tano. Alikuwa mama wa makamo, mkunga katika kituo cha afya cha juu kabisa, mahali ambapo mwezi wa saba watu huota moto mchana. Alikuwa na kikohozi kidogo cha adabu alichokitanguliza kabla ya kusema. Mkurugenzi alipomaliza kuandika malaria ubaoni, mama yule alikohoa.

"Daktari, mimi nina swali langu. La kituoni kwetu."

"Sema, sista."

"Mtoto njiti tunamweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, apate joto. Wanaiita kangaruu. Sasa mama akiwa amepasuliwa, ana homa, hawezi. Bibi yupo, amekaa nje kwenye benchi, mzima. Je, bibi anaweza kumbeba?"

Mkurugenzi alitabasamu kwa ukumbi mzima. "Swali lako ni zuri, lakini ni dogo mno, sista. Tuanze na makubwa."

"Ni dogo kama mtoto mwenyewe, daktari," alisema, akakaa.

Watu walicheka. Mkurugenzi naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, kisha akarudi kwenye malaria.

Jioni wenzake walipoondoka na vyeti vyao, yeye alibaki kwenye kiti, mkoba mapajani. Akaniuliza kama anaweza kutumia kompyuta mpaka nitakapofunga. Nilimkubalia kwa uso wa mtu anayetiwa hasara. Aliandika kwa kidole kimoja, kidole cha shahada, akikiinua juu baada ya kila herufi kana kwamba kibodi inaunguza. Nilikaa nikamtazama, nikiwaza sentensi za kumcheka. Aliandika kangaruu peke yake. Tukaletewa wanyama, mapori ya Australia na safari za watalii.

"Hawa siyo," alisema kwa utulivu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba ya jirani kimakosa.

Kisha akaanza kufanya jambo ambalo sikulielewa siku ile. Alitafuta kama mtu anayeuliza njia sokoni. Akaongeza neno la mtoto njiti. Akaweka bibi. Yakaja machache. Akaweka baba. Yakaja mengine. Akaweka shangazi, mama mkwe, dada wa mama. Alipitia ukoo mzima, mmoja mmoja, akiniuliza Kiingereza cha kila ndugu, mpaka akagundua kwamba wenzetu wanaoandika hawataji shangazi wala mama mkwe. Wanasema tu mtu wa familia. "Kumbe wamewakusanya wote kwenye kapu moja," alisema, akaandika hivyo, na mlango ukafunguka. Alipata muhtasari wa mwongozo wa kimataifa wa kuwatunza watoto njiti, kurasa mbili. Aliusoma wote, midomo ikitikisika, simu mkononi kwa ajili ya kamusi. Nilitazama saa ya ukutani mara nne.

"Nichapie hii, mdogo wangu," alisema. "Na uitie plastiki. Mganga mfawidhi wetu haamini kitu kisichong'aa."

Kesho yake niliitia plastiki, ukurasa wa kwanza, bila kusoma hata mstari mmoja, naye akauchukua mbio akiwahi gari. Wa pili niliuweka kwenye rundo langu. Wiki hiyo niliandika nyuma yake aya ndefu juu ya mwanamke anayetembea katika ukungu wa alfajiri, aya ambayo niliiona bora kuliko chochote nilichowahi kuandika.

Mwezi wa saba Mkurugenzi alitaka picha. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wanangoja ripoti ya mwaka, na ripoti ilihitaji muuguzi mmoja anayetabasamu kando ya ukurasa wetu. "Nenda kwa yule mama wa kikohozi," aliniambia. "Ana sura ya kijijini, watampenda."

Nilipanda bodaboda. Barabara ilikuwa na utelezi, mikaratusi inadondosha maji pande zote mbili, na mashamba ya kabichi yalikuwa yakitokea na kupotea kama mambo unayokumbuka nusunusu. Nilitunga sentensi hizo nikiwa nyuma ya dereva, nikapanga kuziandika nikifika. Rundo langu la karatasi lilikuwa kwenye mkoba, limekunjwa katikati. Nilitembea nalo kila mahali siku zile; sikutaka dunia inipite bila kuandikwa.

Kituoni umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nje ya wodi ya wazazi, kwenye benchi, alikaa bibi mmoja wa Kishambaa, kilemba cheusi, sweta mbili. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kunitazama, akaendelea kulisemesha pazia la mlango kwa Kishambaa. Maana yake ilikuwa kwamba ameshaoga mara mbili, maji ya baridi, kama alivyoambiwa, na kama wanataka aoge mara ya tatu basi waseme, lakini wajue kwamba atakayefuata kulazwa ni yeye.

Ndani, muuguzi wangu na mganga mfawidhi wake walikuwa wamesimama pande mbili za kitanda kidogo. Mtoto alikuwa amezungushiwa khanga na chupa za maji ya moto ambazo hazikuwa za moto tena. Alionekana uso tu, mdogo kama ngumi, wa rangi isiyoeleweka. Hita ilisimama pembeni, imekufa pamoja na umeme. Kwenye kitanda cha pili alilala mama wa mtoto, amepasuliwa usiku wa kuamkia jana, dripu mkononi, jasho usoni, akitetemeka.

"Asubuhi alikuwa thelathini na tano na nukta sita," muuguzi alisema. "Sasa ni thelathini na tano na nukta moja. Bosi, anashuka."

"Ongeza maji ya moto."

"Maji ya moto tunaongeza tangu alfajiri. Bibi yake yuko pale nje, ana joto la bure."

"Sista, tusirudi huko." Mfawidhi alikuwa kijana, pengine hanizidi umri, na macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. "Mwaka jana nilipoteza mtoto hapahapa. Unajua swali nililoulizwa wilayani? Hawakuuliza mtoto alikuwa na nini. Waliuliza, nani alikuruhusu. Safari hii nafuata kilichoandikwa." Akaonyesha ukuta. "Kilichoandikwa kile pale. Ulikileta mwenyewe."

Kule ukutani uling'aa ukurasa wangu, misumari minne pembeni, safi kama siku niliyoutoa kwenye mashine.

"Kinasema mama," alisema mfawidhi. "Mama, mama, mama. Mara tano nimehesabu. Bibi hayumo."

"Yumo. Yuko mbele. Nilisoma mwenyewe."

"Mbele wapi? Nionyeshe."

Nilisogea ukutani, nikausoma kwa mara ya kwanza. Ni kweli, ulisema mama, mstari kwa mstari: mama aanze mapema, mama abebe kwa saa nyingi kadiri awezavyo. Na chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho kabla ya plastiki tupu, ulianza kusema kwamba pale ambapo mama hawezi kumbeba mtoto. Ukaishia hapo. Hapakuwa na nukta. Sentensi ilikuwa imesimama ukingoni, mguu mmoja hewani, na aliyeikata alikuwa mimi.

Miezi minane nilikuwa nimewadharau watu waliobandika wasichosoma. Kumbe katika mnyororo ule wote, mtu aliyeandika, mtu aliyetafuta, hata kijana huyu aliyehesabu neno mama mara tano, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijasoma.

"Ukurasa wa pili upo," nilisema.

"Uko wapi?" waliuliza pamoja.

Nilifungua mkoba, nikalitoa rundo, nikapiga magoti sakafuni kwa sababu hapakuwa na meza. Malaria. Malaria. Malaria, na nyuma yake sura ya tatu. Malaria, na mazungumzo ya wapenzi wawili ambao hawakuwahi kusema jambo lolote la maana. Nilitupa kando kila karatasi niliyokuwa nimeiona ya thamani, na muuguzi akapiga magoti kando yangu akisaidia kupekua. Yeye ndiye aliyeiona. Aliijua kwa mpangilio wa mistari yake, kama unavyojua mgongo wa mtu wa kwenu.

"Hii hapa, bosi."

Mfawidhi aliipokea kwa ncha za vidole. Kwa bahati mbaya aliishika upande usio wenyewe. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma cheti cha kifo:

"'Alitembea, na ukungu ukamvua jina lake kama khanga iliyolowa. Hakujua anakwenda wapi. Njia ndiyo iliyomjua.'" Akanitazama mimi, akamtazama muuguzi. "Huyu naye ni mgonjwa gani?"

"Geuza, bosi," alisema muuguzi.

Yule mama kitandani, pamoja na homa yake, alitoa sauti ambayo mpaka leo naamini ilikuwa kicheko.

Mfawidhi aligeuza. Alisoma kimya, mara mbili, kidole kikifuata mstari. Mwongozo ulisema kile ambacho muuguzi alikuwa amesema tangu mwezi wa tano: mama asipoweza, baba au mtu mwingine wa familia anaweza kumbeba mtoto kifuani. Aliuangalia ukurasa ule uliolowa pembeni na usiong'aa, nikaona jinsi anavyotamani ungekuwa na plastiki. Kisha alivuta pazia.

"Bibi, ingia. Vua sweta."

"Zote mbili?" aliuliza bibi kwa Kiswahili.

"Zote mbili."

"Ningevua saa tatu asubuhi, mwanangu, kama mngeniuliza."

Walimketisha kitini, wakamweka mtoto katikati ya kifua chake, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande, kofia ya sufu, khanga ikafungwa kuzunguka, na juu yake zile sweta mbili. Bibi aliinamisha kidevu, akaanza kumwambia mtoto mambo kwa Kishambaa, ya kumlaumu zaidi kuliko kumbembeleza: kwamba wajinga ndio wanaotoka ndani ya nyumba yenye moto kabla ya wakati. Muuguzi alisimama na kipimajoto. Mimi nilisimama na kamera ambayo sikuthubutu kuitoa. Baada ya saa moja ilikuwa thelathini na tano na nukta saba. Mpaka saa tisa, umeme ukiwa bado haujarudi, ilikuwa thelathini na sita na nukta nne, na uso wa mtoto ulikuwa na rangi. Mfawidhi alitoka nje, akakaa kwenye benchi alilokuwa amekaa bibi, akalala palepale amekaa.

Muuguzi alibandika ukurasa wa pili chini ya wa kwanza kwa plasta ya vidonda. Nikapiga picha: yeye, ukuta, plastiki, plasta. Hakutabasamu. Alikuwa amechoka.

Mkurugenzi aliikataa picha ile. Alisema plasta inaleta sura ya uzembe, na kwamba ukurasa wa chini hauna plastiki, wafadhili watauliza. Nilimweleza yaliyotokea, yote, pamoja na kosa langu. Alisikiliza kwa uso mpole.

"Sasa hiyo ndiyo hadithi ya mafanikio," alisema. "Iandike. Ila sehemu ya ukurasa wa pili iondoe, itawachanganya."

Sikuiandika. Wiki iliyofuata alipokwenda Tanga kwenye mkutano, nilifunua kitambaa cheupe, nikaiwasha mashine, nikatia plastiki kurasa zote za pili zilizokuwa kwenye rundo langu, moja baada ya nyingine, mpaka boksi lake la plastiki likaisha. Kisha nikazituma zilikotakiwa kwenda, Mnazi na kwingineko, kwa kila gari la mboga lililokubali bahasha. Plastiki inaonyesha pande zote mbili. Kwa hiyo riwaya yangu ya ukungu imesambazwa kwenye zahanati za milimani na mabondeni, sura ya tatu huku, mapenzi kule, yote imegeuziwa ukutani, mahali panapoistahili. Mkurugenzi aliporudi hakuuliza kurasa zimekwenda wapi. Aliuliza boksi.

Niliacha kazi kabla ya kuachishwa. Muuguzi alinipigia simu mwezi wa tisa.

"Yule wetu ameongezeka, mdogo wangu. Wameruhusiwa zamani. Jana bibi kamleta kliniki mgongoni, na mtoto anampigia kelele kila mtu kana kwamba kituo ni chake."

Akakohoa kile kikohozi chake.

"Na mfawidhi anakuuliza. Anasema yule mwanamke wa nyuma ya karatasi, aliyekuwa anatembea kwenye ukungu, alifika?"

"Mwambie hakuwa anakwenda popote," nilisema.

"Nilimwambia hivyohivyo," alisema muuguzi. "Subiri, naitwa. Kuna mwingine amezaliwa kabla ya siku, na baba yake amekwishavua shati."